Shajara ya mradi: mabango ya kipokezi cha kirusi kisichongoja ujumbe

Januari

Mada imepita. Mabango ya kufundishia tunayowaandalia wanafunzi wa utabibu na uuguzi yatahusu kirusi kilichoiba kipokezi (protini ya kwenye utando wa seli inayopokea ujumbe kutoka nje) cha viumbe wenye uti wa mgongo, kikakifanya chake, na sasa kinakitumia kuziamrisha seli zetu. Kirusi ni HHV-8, ambacho vitabu vingi hukiita KSHV. Kipokezi kinaitwa ORF74. Ugonjwa ni saratani ya Kaposi, inayoleta madoa kwenye ngozi.

Kikao kilirefuka kwa sababu wenzangu walitaka tuanze na korona, kwa hoja kwamba kila mtu ameshasikia habari za ACE2. Nilipinga na bado napinga. ACE2 ni kipokezi chetu wenyewe. Kimo juu ya seli zetu na kirusi hukishika ili kipate kuingia. Hilo ni somo la kuingia. Mimi nataka wanafunzi waone yanayofuata. Kirusi kinaingia kikiwa na jeni ya kipokezi, seli inakitengeneza kipokezi hicho kwa malighafi yake, inakipandisha kwenye utando wake, na tangu hapo inapokea amri kutoka kwa chombo ambacho si chake. Mambo haya mawili huitwa kwa jina linalofanana, na kila mwaka nasahihisha karatasi za mitihani ambamo yamechanganywa.

Sababu yangu ya pili ni kwamba Kaposi ni ugonjwa wa huku kwetu. Moritz Kaposi aliuandika akiwa Vienna mwaka 1872, lakini Uganda, mashariki ya Kongo na Tanzania madaktari waliuona kwa wingi miongo kadhaa kabla ya VVU kujulikana. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuijadili saratani hii peke yake. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1981, madoa yaleyale yalipojitokeza kwa vijana wa kiume New York na California, yakawa miongoni mwa ishara za kwanza za ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI. Mwaka 1983 daktari mpasuaji Anne Bayley, akiwa Lusaka, aliona Kaposi ya namna nyingine, kali, inayokwenda mbio, tofauti na ile ya wazee aliyokuwa ameizoea. Kirusi chenyewe kilifichuliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore wa Chuo Kikuu cha Columbia. Yaani kwa zaidi ya miaka 120 watu walikuwa wanatazama madoa bila kukijua kinachoyaleta.

Muuguzi aliyejiunga nasi kutoka CTC, kliniki ya huduma kwa wenye VVU, aliuliza swali ambalo nimeliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi: "Mwalimu, mgonjwa akiniuliza kwa nini mguu wake umevimba hivi wakati doa lenyewe ni dogo, bango lako litanisaidia kumjibu?" Nimemwahidi kwamba litamsaidia. Hicho ndicho kipimo cha kazi hii.

Februari

Bango la kwanza: kipokezi kinachofanya kazi yake sawasawa.

Haina maana kuonyesha utekaji kabla mwanafunzi hajaona hali ya kawaida. Tumechagua CXCR2, kipokezi cha binadamu ambacho kwa umbo ndicho ndugu wa karibu wa ORF74. Kimo katika ukoo mkubwa wa vipokezi vinavyofanya kazi na protini G, protini za upande wa ndani wa utando zinazopeleka ishara mbele. Binadamu ana jeni karibu 800 za ukoo huu, na takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hupitia humo: salbutamoli ya mgonjwa wa pumu, propranololi ya moyo, mofini ya maumivu makali. Ufafanuzi wa ukoo huu ndio uliowapa Robert Lefkowitz na Brian Kobilka Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012.

Umbo lake ni mnyororo mmoja wa protini uliopita kwenye utando wa seli mara saba, kwenda na kurudi. Sehemu ya nje inanasa kemokini, yaani protini ndogo ambazo tishu lililojeruhiwa huzitoa ili kuita chembe nyeupe za damu. Kemokini ikikaa mahali pake, mapito yale saba yanasogea kidogo, hasa la sita linafunguka kwa upande wa ndani. Nafasi inapatikana, protini G inaingia hapo, inatupa molekuli ndogo ya GDP, inayoiweka imezimika, na kuchukua GTP, inayoiwasha, kisha inagawanyika vipande viwili vinavyokwenda kuamsha vimeng'enya vya ndani. Kalsiamu inapanda, mkondo wa MAPK (mlolongo wa protini unaopeleka amri ndani ya seli) unaamka, na chembe nyeupe inaanza kutambaa kuelekea kwenye jeraha.

Halafu ishara inazimwa. Mchoraji alitaka kuiacha hatua hii kwa sababu bango limejaa, na tumebishana kuihusu kuliko jambo lolote lingine mwezi huu. Kipokezi kilichoamka hupigwa alama za fosfeti, protini iitwayo arestini hukaa juu yake, na kipokezi huvutwa ndani ya seli. Asipoona kuzimika, mwanafunzi hawezi kuelewa ORF74 hata tukimpa mabango kumi. Hatua imebaki. Tumeondoa orodha ya majina ya kemokini badala yake.

Machi

Bango la pili, ndilo kiini.

Jenomu nzima ya HHV-8, yaani jeni zake zote, ilisomwa mwaka 1996, na ilifurahisha na kutisha kwa wakati mmoja. Ndani yake zilikutwa jeni nyingi zinazofanana mno na za binadamu: ya saiklini inayosukuma seli igawanyike, ya intalukini-6 (protini ya ujumbe ya chembe za kinga), za kemokini, za protini zinazozuia seli isijiue. ORF74 ilikuwa miongoni mwake. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mababu wa kirusi hiki walizichukua jeni hizi kwa wenyeji wao katika safari ndefu ya kuishi pamoja, kisha uteuzi wa maumbile ukazinoa.

Mwaka 1997 kundi lililoandika katika jarida la Nature lilionyesha jambo ambalo bango letu zima limejengwa juu yake. Waliiweka ORF74 kwenye seli za maabara, wakapima ishara za ndani. Kipokezi kilikuwa kinatuma ishara bila kemokini yoyote. Hapa nimemruhusu mchoraji mfano mmoja wa nyumbani, na hautarudiwa popote: kengele ya mlangoni inayolia mchana kutwa bila mtu kuigusa. Waliopima waliona pia kwamba seli zenye kipokezi hiki zinazidi kugawanyika.

Kwa nini hakingoji? Sehemu ya jibu imo kwenye asidi amino tatu, vipande vinavyounda protini, zilizo upande wa ndani, mwishoni mwa pito la tatu. Kwenye vipokezi vingi vya ukoo huu mfuatano huo ni aspatiki, ajinini, tairosini. Aspatiki inasaidia kuishikilia ajinini itulie kipokezi kikiwa kimelala. Kwenye ORF74 mahali pa aspatiki pamekaa valini, ambayo haina chaji ya kushikilia kitu. Mwaka 1999 watafiti walikichukua CXCR2 cha binadamu wakabadilisha hiyo asidi amino moja tu, aspatiki kuwa valini. Kipokezi chetu, cha halali, kikaanza kutuma ishara chenyewe, na seli za panya walimopandikiza kikazifanya zikue bila mpangilio kama zinavyofanya chini ya ORF74. Nimemwambia mchoraji aichore asidi amino hiyo kwa rangi ambayo haitumiki mahali pengine kwenye seti nzima. Kila nikiusoma ushahidi huu nasimama kidogo: kati ya kipokezi kinachotulinda na kinachoweza kuzaa uvimbe panaweza kuwa na herufi moja. Hata hivyo bango linasema wazi kwamba valini si sababu pekee. Kipokezi cha kirusi kimebadilika sehemu nyingi.

Ishara zinazotoka ndani tumezichora kama mito mitatu, kwa kuwa kuionyesha yote kungeua bango. Wa kwanza ni MAPK pamoja na p38, unaofikia HIF-1 alfa, protini ambayo kwa kawaida huamka seli inapokosa oksijeni. Wa pili ni PI3K, Akt na mTOR, mkondo wa kukua na wa kukataa kufa. Wa tatu ni NF-kB, unaofungua jeni za uvimbe na joto. Mito hii haiishii ndani ya seli. Inaifanya seli itoe VEGF, intalukini-6, intalukini-8 na vitu vingine vya namna hiyo, na kuvimwaga nje.

VEGF ndiyo jibu la muuguzi wetu. Inaamuru mishipa mipya ya damu ichipue, na mishipa inayochipua kwa amri ya haraka hivyo haina ukuta imara. Inavuja. Chembe nyekundu zinatoka, zinavunjika kwenye ngozi na kuacha madini ya chuma. Ndiyo ile rangi ya zambarau, ambayo kwenye ngozi nyeusi huonekana kama kahawia iliyoiva au nyeusi kabisa. Maji yanatoka pia, na mitoki na mirija ya limfu iliyoshambuliwa haiwezi kuyarudisha. Mguu unavimba kupita ukubwa wa doa. Nilimpigia muuguzi simu kumsomea aya hii. Akasema, "Sawa Mwalimu, sasa niwekee na mdomoni, maana madoa ya kwenye kaakaa ndiyo watu wanayapita." Tumeongeza mchoro mdogo wa kinywa kilicho wazi.

Aprili

Mwezi mzima umekwenda kwenye bango la tatu, na sioni haya kusema ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mchoraji aliponiletea rasimu ya uvimbe, kila seli ilikuwa imebeba ORF74. Ni wazo la kawaida: ikiwa kipokezi ndicho chanzo, basi kimejaa kila mahali. Nilimwomba abakize kipokezi kwenye seli chache sana. Akashangaa. "Mwalimu, chache hizi ndizo zinafanya yote haya?"

Ndiyo, kaka, chache hizi. HHV-8, kama ndugu zake wote wa jamii ya herpesi, kina maisha ya namna mbili. Katika seli nyingi za uvimbe kimelala: kinatoa protini chache tu, ikiwamo LANA inayokishikamanisha na kromosomu zetu ili kisipotee seli inapogawanyika. Katika seli kidogo kimeamka na kinazaliana, na ORF74 ni jeni ya hatua hii ya kuamka. Hapo ndipo wanasayansi walipogongana kwa miaka. Seli ambayo kirusi kinazaliana ndani yake kwa kawaida inakufa. Jeni inayowaka kwenye seli inayokwenda kufa itasababishaje saratani, ugonjwa wa seli zisizotaka kufa?

Ushahidi umekuja kutoka pande kadhaa. Mwaka 2000 panya waliopandikizwa jeni ya ORF74 walipata vidonda vyenye mishipa mingi vinavyofanana na Kaposi, na ndani ya vidonda hivyo seli zilizokuwa na kipokezi zilikuwa sehemu tu. Mwaka 2003 maabara ya Silvio Gutkind nchini Marekani ilizipeleka jeni mbalimbali za HHV-8 moja moja kwenye seli za ndani ya mishipa ya panya walio hai. Ni ORF74 iliyoanzisha uvimbe. Kisha wakachanganya: seli chache zenye ORF74 pamoja na seli zenye jeni za kirusi kilicholala, ambazo peke yake hazikuweza kitu. Uvimbe ukakua, na zile zisizoweza kitu zikawa zinaongezeka ndani yake. Mwaka 2006 wakaonyesha upande wa pili: wakiziondoa zile chache, uvimbe unasinyaa.

Hivyo seli yenye ORF74 inafanya kazi kwa inachokimwaga. VEGF na saitokini (protini za ujumbe kati ya seli, kama intalukini) zinazifikia jirani zake, ambazo ndani yake kirusi kimelala, na hizo ndizo zinazokua na kuujaza uvimbe. Inaweza kufa kesho; nyingine itaamka mahali pengine na kuendeleza umwagaji. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili, na ndilo linaloachwa katika vitabu vya vyuo vyetu, ambavyo huishia kwenye sentensi moja kwamba "kirusi husababisha saratani". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba saratani ni seli moja iliyoharibika na kujizalisha anahitaji kuoneshwa kwamba upo uvimbe unaoendeshwa na wachache kwa mazungumzo.

Kuna kipande kingine ambacho nimekipigania kisikatwe. Ukisema kipokezi kinatuma ishara bila kuombwa, msikilizaji anadhani kemokini hazina tena nafasi. Zina nafasi. ORF74 bado inazinasa. CXCL1 na CXCL8 zinaipandisha ishara juu zaidi, CXCL10 inaishusha. Mwaka 2001 watafiti walitengeneza panya wenye ORF74 zilizobadilishwa ili kutenganisha sifa hizi mbili, kujiwasha na kuitikia kemokini, na wakahitimisha kwamba ugonjwa unahitaji zote mbili: kujiwasha kwa nguvu, na kupandishwa kwa kemokini juu ya hapo. Sasa kumbuka kwamba CXCL8 ni jina jingine la intalukini-8, ambayo seli yenye ORF74 inaimwaga yenyewe. Inajichochea. Kidonda, maambukizi mengine, au VVU vinavyoufanya mwili uchemke kwa saitokini, vyote vinaongeza kile ambacho kipokezi hiki kinakipenda.

Kwa hiyo bango la tatu lina seli tatu zenye rangi kali katikati ya bahari ya seli zenye rangi hafifu, na mishale inayotoka na mingine inayorudi. Mchoraji amelirudia mpaka likawa tulivu machoni. Nampongeza.

Mei

Watu waliopitia rasimu wameuliza swali moja kwa namna nyingi: kirusi hiki kinapatikanaje, na mbona mimi sina madoa?

Tumeamua kuweka kipande kidogo chini ya bango la kwanza. HHV-8 huenea zaidi kwa mate. Katika sehemu kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara zaidi ya nusu ya watu wazima wanacho, na wengi walikipata utotoni wakiwa nyumbani. Walio wengi hawataugua kamwe, kwa sababu kinga ya mwili inazitambua seli ambazo kirusi kinaamka ndani yake na kuziondoa. Kinga ikishuka, kwa VVU au kwa dawa anazopewa aliyepandikizwa figo, walinzi wanapungua, seli zinazoamka zinaongezeka, na ORF74 inapata uwanja.

Nimesisitiza sentensi nyingine iandikwe kwa herufi za ukubwa uleule: yupo mgonjwa wa Kaposi asiye na VVU. Wazee wa Uganda na Tanzania waliougua katika miaka ya 1950 hawakuwa na VVU, na hata leo wapo. Nimesikia vya kutosha jinsi doa mguuni linavyogeuka kuwa hukumu mtaani kabla ya kipimo chochote. Mtu apimwe, aelezwe, atibiwe.

Juni

Bango la nne, la matibabu. Daktari wa saratani aliyekubali kulipitia amekuwa mkali, na bango limekuwa bora kwa ukali wake. Agizo lake la kwanza: "Mwalimu, usiwaache vijana waondoke wakidhani kuna dawa ya ORF74 kwenye rafu." Haipo. Hakuna dawa iliyoidhinishwa inayokizima kipokezi hiki moja kwa moja. Kwa hiyo bango linaonyesha mahali ambapo kila tiba iliyopo inaugusa mkondo.

Kwa mwenye VVU, dawa za kufubaza VVU ndizo msingi. Zinairudisha kinga, na kinga inarudi kuwinda seli zilizoamka. Wenye madoa machache huweza kupona kwa hizo peke yake. Ugonjwa ukiwa umesambaa, au mguu umevimba sana, au mapafu yameguswa, tibakemikali inaongezwa. Jaribio lililotoka katika jarida la Lancet mwaka 2020, lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, lililinganisha paklitakseli na tiba mbili zilizokuwa zikitumika sana, moja ya bleomaisini na vinkristini na nyingine ya etoposaidi, kila moja ikiambatana na dawa za VVU. Paklitakseli ilishinda. Ni utafiti uliofanyika kwa wagonjwa wa huku na umejibu swali la huku, na nilitaka wanafunzi walione hilo kwenye ukuta wa darasa lao.

Mkondo wa mTOR una habari ninayoisimulia kila nikipata nafasi. Mwaka 2005 madaktari wa Italia waliandika katika New England Journal of Medicine kuhusu wagonjwa 15 waliopandikizwa figo na kupata Kaposi. Badala ya kuendelea na siklosporini waliwahamishia kwenye sirolimasi, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo. Ndani ya miezi mitatu madoa ya ngozi yalikuwa yamepotea kwa wote, na figo zikabaki salama. Sirolimasi inakizuia mTOR, mto uleule wa pili kwenye bango letu, na mwaka uliofuata maabara ya Gutkind ilionyesha kwa panya kwamba ORF74 hupitia hapohapo. Dawa yenyewe ilitokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na jina lake la kale, rapamaisini, limetoka huko. Kwetu hili lina uzito wake: Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na wenye figo za kupandikizwa katika nchi ambayo HHV-8 ni cha kawaida watazidi kuongezeka.

Tulijadili pia kama tuziweke dawa za virusi vya herpesi. Gansikloviri inazuia hatua ya kuzaliana, na utafiti wa mwaka 1999 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakitibiwa macho kwa sababu ya kirusi cha saitomegalo ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo kwa mdomo walikuwa na hatari ya kupata Kaposi iliyopungua kwa asilimia 75. Lakini kwa uvimbe ambao umeshasimama haijathibitika kuwa tiba. Daktari alitaka yote mawili yaandikwe pamoja au yasiandikwe kabisa. Yameandikwa pamoja. Pomalidomaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 na inayofanya kazi kwa kuzuia mishipa na kuamsha kinga, imepata mstari mmoja.

Julai

Bango la tano linawaonyesha jamaa wa ORF74, na tumelifanya fupi makusudi. Kirusi cha saitomegalo kina US28, kipokezi kingine cha kuibwa, kinachonasa kemokini nyingi za aina tofauti na kutuma ishara hata bila hizo. Mwaka 1999 kilionekana kuzihamisha seli za misuli laini ya mishipa, jambo linalokihusisha na ugonjwa wa mishipa kuziba. Mwaka 2015 umbo lake likiwa limeinasa kemokini lilichapishwa, na ndilo mchoraji alilolifuata. Kirusi cha Epstein-Barr kina LMP1, ambacho si cha ukoo wa protini G. Chenyewe kinaiga CD40, kipokezi kinachoziambia chembe B ziishi na ziongezeke, na kinajikusanya chenyewe kwenye utando bila kungoja ujumbe. HHV-8 nacho kina kingine, K1, kinachoiga ishara za kipokezi cha chembe B. Virusi tofauti, koo tofauti za vipokezi, na kila mara mbinu ni ileile ya kuondoa haja ya kuombwa.

Nimeandika pembeni kwamba LMP1 haipatikani kwa kawaida kwenye limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe B, ingawa kirusi ni kilekile. Wanafunzi wetu wanaijua Burkitt kwa sababu ilielezwa mara ya kwanza Kampala, na wangeunganisha haraka. LMP1 hukutwa zaidi kwenye saratani ya nyuma ya pua na kwenye ugonjwa wa Hodgkin.

Tumeyajaribu mabango mawili ya kati darasani. Nilikaa nyuma, mwenzangu akafundisha. Kijana mmoja alisimama mbele ya bango la tatu akauliza: kama seli zenye kipokezi ni chache na zinakufa, je, daktari akichukua kipande cha uvimbe kwa ajili ya maabara anaweza kukikosa kabisa kipokezi? Anaweza. Ndiyo maana maabara inayotaka kuthibitisha Kaposi inapaka rangi ya kuitafuta LANA, iliyomo katika seli ambamo kirusi kimelala, ambazo ndizo nyingi. Swali lake limetupa kipande ambacho hakikuwamo kwenye mpango wowote: picha mbili za kipande kilekile cha uvimbe, moja ikiwa na nukta za LANA kila mahali, nyingine ikiwa na ORF74 hapa na pale. Zitakaa chini ya bango la tatu, upande wa kulia.

Mchoraji ameshaanza kazi hiyo. Daktari amebakiza kupitia maneno ya bango la nne baada ya marekebisho. Muuguzi anataka nakala ndogo ya mchoro wa kinywa, ya ukubwa wa karatasi ya kawaida, aibandike kando ya kiti cha uchunguzi ili kila anayemwona mgonjwa akumbuke kumwambia afungue mdomo. Hiyo tutaichapa kwanza, hata kabla ya mabango yenyewe, kwa kuwa haingoji chochote.